Magwanda ya Sajini Siku Mbingu Ilipopasuka

Laker, dobi wa mtaa wetu wa Kisenyi, alifua magwanda ya mtu aliyemchukua mume wake, na akayapiga pasi vizuri kuliko ya mteja mwingine yeyote. Watu walimsema hana haya. Mimi Rukiah, jirani yake ukuta kwa ukuta, nawaambia walikuwa wajinga. Mwanamke yule alikuwa anavizia.

Mumewe, Onen, alikuwa polisi, Mwacholi, na miaka ile wanajeshi walikuwa wakiwakamata Waacholi na kuwaua. Sajini Taban alimnyanyua akiwa na tonge mkononi, akamtia garini. Baadaye Taban alihamia mtaani kwetu, wala hakumtambua Laker. Alikuwa amechukua wengi mno. Laker akaomba kumfulia. Alitaka kitu kimoja tu: kujua Onen alifukiwa wapi, apeleke mifupa yake Kitgum ikazikwe uani kwao. Kwa Waacholi, aliyezikwa ovyo porini hatulii, na aliowaacha nao hawatulii.

Basi jioni moja ya mwaka wa sabini na saba, pande la moto likapita juu ya kilima cha Nakasero, jeupe kuliko jua, likapasuka. Mabati yaliruka, vioo vikamwagika njiani. Sisi raia tulilala chini. Askari waliwaza jambo moja tu: Watanzania wamefika na ndege zao.

Taban aliingia kwa Laker mbio, anavua shati.

"Mama, nipa mimi nguo ya raia! Vita nafika! Mimi hapana askari tena!"

Laker alimpa kanzu ya mteja. Jitu zima lile likatoroka likikanyaga pindo, magwanda yakabaki sakafuni. Jamani, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Asubuhi redio ikasema lilikuwa jiwe tu kutoka angani. Vita havikuwapo. Na askari aliyetupa magwanda yake akakimbia, kila mtu alijua anafanywa nini.

Mchana Taban akaja kwa mlango wa nyuma, kanzu imelowa tope la Bwaise alikojificha.

"Dada yangu, iko wapi magwanda?"

"Kwanza sema, Afande. Onen, ile polisi ya Kitgum, wewe natupa yeye wapi?"

Aliapa hajui. Laker akaendelea kupuliza makaa ya pasi. Mimi nilikuwa nimebandika sikio ukutani, nikiomba Mungu Laker asimwachie. Mwishowe Taban akasema kwa sauti ndogo: msituni, njia ya Jinja, nyuma ya tanuri la matofali, chini ya mvule uliokatwa. Laker akamfanya arudie yote.

"Sasa nipa mimi."

"Mimi kwisha peleka kambini leo asubuhi, Afande. Nafua, napiga pasi. Naambia mkubwa yako wewe nasema hapana askari tena. Yeye nataka kuona wewe. Askari yake nakuja hapa."

Taban akakaa chini palepale. Askari walipobisha hodi, Laker aliwafungulia mlango mwenyewe. Sikumhurumia yule mtu, na leo bado simhurumii. Gari lilipoondoka, Laker alikuja kwangu kuazima jembe. Nilimpa, nikajifunga kanga, tukaenda wote.