Marahaba ya Nesi Martha

Kosa langu ni hili: niliamkia blanketi. Cheka kwanza, ukimaliza unisikilize, maana jambo lenyewe lilitokea uani kwangu hapa Masakta, jua linawaka, na sikuwa nimeonja kitu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata mjini Katesh naenda chumvi ikiisha tu. Anayetoka ni mke wangu, mkunga wa wodi ya wazazi. Kipindi cha korona alikuwa akirudi na mwenzake, Nesi Martha, mama mtu mzima aliyeishi peke yake. Hawakuingia ndani. Waliketi uani kwenye vigoda, wakajifunika blanketi moja juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, wakajifukiza. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji na kuyasukuma kwa mbali, kama mtu anayelisha mbwa mkali. Humo blanketini waliwasengenya wakubwa wao, wakacheka, halafu Nesi Martha akawalilia akina mama waliojifungua huku wanatafuta pumzi. Mke wangu hakulia. Alikuwa hali wala halali, amekaza uso tu. Nikawa naogopa kwamba ataniharibikia.

Siku hiyo nikatoka na maji, nikakuta mtu mmoja ameshajifunika. Chini naona kandambili za Nesi Martha, zile alizozishona kwa waya.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, baba. Leo umesogea."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Anakuja. Akifika usimwambie ajikaze. Mwache alie."

Nikaenda kuongeza kuni. Kugeuka, mke wangu huyo anaingia peke yake, barakoa mkononi. Akasema Nesi Martha amefariki asubuhi, wodini kwao, na wameambiwa wasitaje korona, waseme ni changamoto ya upumuaji. Mdomo ulikuwa unamtetemeka. Na unajua mimi, msomi wa kidato cha nne, nilisema nini?

"Jikaze, mke wangu."

Akajikaza. Mdomo ukatulia pale pale, naona.

Ndipo nikakumbuka, nikakimbilia blanketi, nikalifunua. Kigoda kitupu, na kandambili hakuna. Niamini, usiniamini, shauri yako. Nikamweleza yote. Akaniangalia sana.

"Nimemwita tangu alfajiri, namtikisa, hakuniitikia hata mara moja. Wewe uliyekuwa unamsukumia maji kwa mguu ndiwe aliyekuitikia?"

Mpaka leo hajalia. Korona imekuwa hadithi, lakini akirudi kazini anapanga vigoda viwili, anajifunika, anasema, "Shikamoo, dada." Kimya. Anarudia. Mimi nachemsha maji. Kwa hiyo wewe mwenye mtu wa kazi ile nyumbani, lile neno langu usiliazime, ukiona mdomo unamtetemeka, funga wa kwako.

Juzi jirani yetu Mama Safari alisimama kwenye uzio akamsikiliza mke wangu akiamkia. Akanigeukia mimi: "Nesi Martha akiwa hai tulimkwepa njiani ili tusimwamkie, tukiogopa korona. Sasa amekufa, nyie mnaamkia blanketi."