Maombi, wale wapenzi wako bado ku mto

Akili yangu inakataa kabisa. Mutu akikohoa inje ya hema, ninasema ni Maombi anarudi kutoka kuchota maji. Kisha ninakumbuka kama tulimuzika juzi.

Munaoniuliza kwa telefone "Mama Maombi, ni kweli?", jibu njo hili. Ni kweli. Mwalimu Maombi, binti yangu wa kwanza, hayuko tena.

Mimi masomo niliishia mwaka wa ine ya primaire, mutanisamehe maandiko. Lakini mutoto yangu alikuwa na diploma ya Leta, ya serikali yenyewe! Nani kati yenu alizaa mutoto anayekamata kitabu ya Kifaransa na kuisoma kwa Kiswahili bila kusimama, kama mutu anayemwanga maji? Munionyeshe hata mumoja.

Siku tulikimbia kwetu Masisi, nilimutuma arudie sufuria mu nyumba. Masasi ya bunduki inalia. Akatoka na kitabu.

"Maombi, sufuria iko wapi?"

"Mama, sufuria tutaazima. Kitabu nani atatuazima?"

Nilimutukana mpaka tukafika hapa mu kamp ya Lushebere. Sufuria kweli tuliazima.

Ile kitabu ilikuwa ya zamani sana. Haina jalada, na kurasa za mwisho zilikatika kabla aipate. Hata jina yake hatukujua.

Mchana, wakati bamama tunachagua maharagi, yeye anatusomea. Mu ile kitabu, Kolotilde alikuwa binti ya mwami mumoja wa Ulaya, wakati wa farasi na panga. Akapenda Basitien, mutengenezaji wa saa, mwenye walifunga mu gereza bure. Binti akaiba ufunguo, wakatoroka wamejificha ndani ya mapipa ya divai.

Jirani yetu Mama Sifa akapiga mikono: "Ndani ya divai! Basi batafika wamelewa!"

Oh, tulicheka siku ile. Hata wenye walikuwa wamefiwa walicheka.

Kisha wapenzi wakafika ku mto. Nyuma kuna askari, mbele kuna mutumbwi, na ng'ambo kuna amani. Pale pale kurasa zikaisha. Tukamuambia Maombi: haizuru, wewe uko na akili, wavushe mwenyewe!

Mama Sifa akakataa. "Ngoja kwanza, mwalimu. Huyu kijana alilipa mahari?"

"Mama Sifa, ni Ulaya."

"Ulaya mabinti hawana baba? Bakivuka vile, hiyo iko yaka tofanda tu, kuikala pamoja kama kuku. Hapana! Mbuzi kwanza!"

Bamama wote: "Mbuzi kwanza!" Na mimi nilipandisha sauti kushinda wote, juu niko mama wa binti.

Maombi akacheka mpaka akafuta machozi na kitenge. "Sawa. Bajomba ya Basitien wako njiani na mbuzi. Zikifika, watavuka."

Tangu siku ile tuliiita Kitabu ya Mbuzi. Kila mara anatupa habari: leo mbuzi moja imekataa daraja, leo ingine imezaa mu njia, bajomba wanangoja mutoto wake apate nguvu. Hakuna ukurasa hata mumoja! Yote ilitoka mu kichwa yake. Munaona akili hiyo?

Lakini mimi mama yake nilijua. Bahati, muchumba wake, kijana wa moto, alikuwa ameenda Walikale kutafuta mbuzi za kweli. Kisha vita ikakata barabara. Telefone yake ikanyamaza.

Nikamuambia, sisi wawili tu: "Maombi, vusha bale bantu. Ni hadithi."

"Mama, siku Bahati atafika, njo siku watavuka. Uniache."

Nikamuacha.

Homa ikamukamata. Kituo cha afya wakasema dawa imekwisha, mumupeleke Goma. Barabara gani? Balume, wanaume ya kamp, wakamubeba ku kipoyi, kile kitanda cha mianzi cha kubebea mugonjwa ku mabega. Tulisema tutapita Mushaki, tushuke Sake.

Huko juu ya mabega yao akanishika mukono. "Mama, angalia. Leo niko nabebwa kama binti ya mwami."

Hatukuona hata Mushaki. Wenye silaha walitugeuza.

Tulipomurudisha mu hema, Mama Sifa, ule ule wa mbuzi, akapiga magoti. "Mwalimu, mbuzi tumesamehe. Tumesamehe zote. Uvushe bantu, ninakuomba."

Maombi akafungua macho. "Mbuzi zimefika wapi sasa?"

"Sijue, mwalimu," Mama Sifa akasema.

"Hata mimi sijue," Maombi akasema. Ile njo ilikuwa neno yake ya mwisho.

Kisha ya kuzika, bamama walikuja na maharagi yao. Hakuna mwenye aligusa hata mbegu. Mama Sifa akaniambia: "Mama Maombi, basi utuvushie wewe."

Nikakamata kitabu, nikaifungua pale inakatikia. Nikaanza: "Mbuzi zikafika…" Nikafunga kitabu. Zimefika kutoka wapi? Barabara iko imefungwa mpaka leo.

Bahati, kama uko muzima na hii inakufikia: siko na hasira na wewe, mutoto yangu. Usilete mbuzi. Hakuna tena wa kuoa.

Maombi, mwalimu wangu, kiburi yangu mbele ya bamama wote wa Lushebere. Kolotilde na Basitien wako bado ku mto, wanaangalia ng'ambo. Mwenye alijua kuwavusha njo wewe peke yako.

Lala polepole, binti ya mwami. Mama yako niko hapa, upande huu wa maji.