Siku Tuliyomwita Nabintu Mara ya Tatu

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu. Misa ilikuwa imekwisha, watu wamekula bugali yao na wanashuka njia za Kadutu, mtaa wetu, kwenda kwenye ukumbi wa parokia. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, ingawa neno la uhuru lilikwisha kuanza kunong'onwa. Mimi siku ile sikuwaza uhuru. Nilikuwa nakwenda kutazama mchezo wa kuimba, kwa sababu rafiki yangu Esta aliniambia kuna msichana wa Mudaka ambaye akifungua kinywa, hata vichanga mgongoni mwa mama zao hunyamaza.

Mchezo ule ulitungwa na Papa Murhula, katekista mzee aliyepiga akordeoni. Hadithi yake ilikuwa rahisi. Binti wa mwami, yaani mfalme wetu, anawakataa wachumba wote, anampenda mpiga kasia maskini anayevusha watu ziwani. Lakini mambo yote yalisemwa kwa kuimba, hata ugomvi, hata mtu akiomba chumvi. Sisi hatukuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Mpiga kasia aliimbwa na Cirhuza, seremala mrefu mwenye sauti nzito ambayo uliisikia kwenye ubao wa benchi kabla haijafika masikioni. Binti wa mwami alikuwa huyo Nabintu wa Mudaka.

Nikuambie nini juu ya sauti yake? Alikuwa mdogo wa mwili, shingo nyembamba, ukimkuta sokoni usingemtazama mara mbili. Katika wimbo wa mwisho, binti anasimama kando ya ziwa na kumwita mpenzi wake aliye ng'ambo. Jina la mpenzi yule alilianza chini, akalipandisha polepole, bila kutetemeka, na pale ulipodhani amefika mwisho akapanda tena. Nilisahau kupumua. Esta alinibana mkono hadi kucha zikaacha alama, na sikusikia maumivu mpaka tulipotoka nje.

Tangu siku ile nikawa mgonjwa wa kutaka kujua. Sauti kubwa namna ile inatoka wapi katika kifua kidogo? Kwenye darasa la kushona kwa masista hatukuzungumza kitu kingine. Mmoja akasema Nabintu anakunywa mayai mabichi. Mwingine akasema ni asali ya msitu wa Bunyakiri. Shangazi yake Esta alikuwa na hakika kwamba mtoto yule alizaliwa akiwa ameshalia tumboni. Mimi nilijaribu mayai, nikatapika. Nilijaribu asali, nikanenepa. Sauti yangu ikabaki ile ile ya kuitia mbuzi.

Basi mashabiki tukagawanyika. Wengine walikuwa wa Cirhuza, wengine wa Nabintu. Sisi wa Nabintu tulifunga vitambaa vya kijani kichwani, kwa sababu binti wa mwami alifunga cha kijani. Tulikaa mbele kila mchezo ulipochezwa. Wimbo wa mwisho ukiisha tulipiga kelele, "Bisi! Bisi!", neno la Wazungu la kumwomba mwimbaji arudie. Naye alirudia. Ah, mwanangu, ujana! Nilijiona kama ile sauti ni ya kwangu, kama mimi ndiye niliyemzaa.

Siku moja katikati ya juma nilishindwa kuvumilia. Nilimdanganya mama kwamba nakwenda kununua maharagi, nikapanda kamyo ya mboga iliyokuwa inarudi Mudaka. Nilimkuta Nabintu kwenye shamba la Mzungu alikofanya kazi, akianika magome ya kinkina, ule mti wa dawa ya malaria. Vumbi la magome lilikuwa limejaa kwenye nyusi zake. Alikuwa amefunga kitambaa mdomoni. Aliponiona alicheka kwa macho, akanivuta kando, akauliza kwa mnong'ono kama ndiye mimi yule wa kelele:

"Njo weye mwenye kukaaka mbele? Mwenye kupika kelele kuliko bote?"

"Njo miye, yaya," nikasema, nikimwita dada kwa heshima. "Naitwa Faida. Nilikuya kukuuliza kitu moja tu. Ile sauti inatokaka wapi?"

Alishusha kile kitambaa cha mdomoni. "Sijue, mwenzangu. Miye naimbaka tu." Kisha akakohoa, kikohozi kikavu, akashika shingo. "Lakini sasa iko inaniumiza. Hii vumbi. Papa Murhula ananikataza kusema mpaka siku ya Mungu, siku ya muchezo. Ule wimbo wa mwisho nitauweza mara moja tu. Mara moja, Faida. Usiambie batu, basije baogopa. Lakini weye, usiniite mara ya pili. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Njiani nikirudi nilijaa furaha kama mtu aliyepewa siri ya mwami. Hivi ndivyo moyo wa kijana ulivyo: kati ya maneno yote aliyoniambia, nililolishika kuliko yote ni kwamba alinijua.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Walikuja wageni kutoka Minova, na watu wa mji wa Usumbura waliotaka kuwachukua waimbaji wetu wakacheze kwao. Safari ya Usumbura! Waimbaji walikuwa wameota habari hiyo miezi mingi. Nyuma yetu wakakaa mashabiki wa Cirhuza, wakituchokoza kwamba msichana wetu leo hana nguvu, kwamba katika wimbo wa pili alimeza maneno. Ilikuwa kweli. Nilisikia sauti yake ikikwaruza kidogo, nikakikaza kitambaa changu cha kijani kwa hasira.

Wimbo wa mwisho ukaja. Nabintu aliuimba vizuri, hata leo sijui kwa nguvu gani. Jina lile likapanda, likafika. Ukumbi ukawa kimya. Ningeacha pale, mwanangu! Lakini nikasikia mmoja nyuma anasema, "Alibahatika." Nami nikaruka juu ya benchi, nikapiga kelele, "Bisi!"

Mimi wa kwanza, niliyeapa.

Ukumbi mzima ukaitikia. Nabintu alinitazama. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyekanyagwa na nduguye. Papa Murhula alitikisa kichwa kumkataza, lakini watu walikuwa wanapiga miguu chini. Akaimba mara ya pili. Akafika juu, kwa shida. Nilipaswa kushuka kwenye benchi. Badala yake nikageuka nyuma kuwaonyesha wale wa Cirhuza, na kelele zikaanza tena, nami nikiwa ndani yake. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wazee walisema, lakini nani anakumbuka methali akiwa amesimama juu ya benchi?

Mara ya tatu alianza lile jina, akalipandisha, na katikati sauti ikakatika. Kamba hukatikia pabovu. Kinywa chake kilibaki wazi na hakuna kilichotoka ila hewa. Baadhi ya watu wakacheka. Ndipo Cirhuza akafanya jambo ambalo sitalisahau: alitoka upande wake, akamshika mkono, akayaimba maneno ya binti kwa sauti yake nzito, polepole mpaka mwisho, kana kwamba mchezo ulipangwa hivyo. Waliocheka wakanyamaza. Pazia likafungwa.

Watu walipotoka, Papa Murhula alibaki amekaa jukwaani na akordeoni magotini. Aliniita kwa kidole. Nilipanda ngazi zile tatu.

"Faida, ulijua ule mutoto iko mugonjwa?"

"Nilijua, papa."

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe."

Aliiweka akordeoni sakafuni. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Basi weye haupendi Nabintu. Unapenda kitu yenye inatoka mu kinywa yake. Mutu mwenye kupenda ngombe anamupeleka ku majani, anamutoa kupe, anaangalia miguu yake. Weye ulikuya na chungu tu. Umekamua mpaka damu, sasa unalia maziwa imeisha."

Nililia. Aliniacha nilie. Halafu akaniambia nirudi nyumbani, mama yangu asihangaike.

Muuguzi wa zahanati alimkataza Nabintu kusema hata neno moja kwa mwezi mzima, na kuimba kwa muda mrefu zaidi. Watu wa Usumbura wakarudi kwao bila waimbaji. Kadutu nzima ikatafuta wa kumlaumu: vumbi, wivu, hata uchawi. Jina langu halikutajwa. Papa Murhula hakulisema, na Nabintu hakuweza kusema. Nikaishi na siri ile kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Mwishowe nilikwenda tena Mudaka, safari hii nikimwambia mama ukweli.

Nabintu alikuwa nyumbani kwao. Nilipiga magoti, nikamwambia yote: yule aliyesema nyuma yangu, benchi, majivuno yangu. Alinisikiliza. Akaingia ndani, akarudi na kikapu chake cha kazi, akanipa. Kisha akaelekeza kidole shambani.

Nikaelewa. Majuma matatu nilianika magome ya kinkina mahali pake, ili asipoteze kazi yake wala asivute vumbi. Mwanangu, uchungu ule! Unaingia puani, unakaa kwenye mate, ukila kiazi kitamu unakionja kichungu. Mimi niliyekuwa natafuta siri ya mayai na asali, sikuwahi kujiuliza mwimbaji wangu anashindaje Jumatatu hadi Jumamosi. Jioni tulikaa pamoja kwenye mlango wa jikoni, yeye bila kusema, mimi bila kuuliza. Nilizoea kusikia anavyopumua, taratibu, kutoka chini tumboni. Niliona kwamba watu wakiimba kwa mbali, yeye hutega sikio kabla ya kutikisa kichwa kwa mdundo. Alikuwa msikilizaji kuliko watu wote niliowahi kuwajua.

Neno lake la kwanza, muuguzi alipomruhusu, lilikuwa la kunishangaza. Sauti ilitoka nzito, kama si yake.

"Faida, ile siku ningeweza kukataa. Lakini na miye nilipenda baniite. Usibebe yote weye peke yako."

Nilimkumbatia. Lakini nikuambie kweli: msamaha haurudishi kilichokatika. Ile sauti ya juu haikurudi. Alijaribu, Papa Murhula akijaribu naye kwenye akordeoni, na kila alipofika pale juu hapakuwa na kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi mzee akaubadilisha wimbo, akaushusha.

Siku mchezo uliporudi ukumbini, Papa Murhula aliniambia, "Weye ulianzisha kelele, weye utaanzisha kimya." Nikasimamishwa mbele ya pazia, uso kwa uso na watu wote wale, vitambaa vya kijani na wasio navyo.

"Ba papa na ba maman," nikasema, "yaya Nabintu hakuharibiwa na muchawi. Miye nilijua iko mugonjwa, aliniambia yeye mwenyewe, na miye njo nilipika kelele ya kwanza. Leo ataimba kila wimbo mara moja. Munisaidie tumusikilize."

Mtu mmoja alizomea. Mama yangu, aliyekuwa amekaa katikati, akainamisha kichwa, nami nikadhani nimemwaibisha milele. Nikashuka, nikakaa chini sakafuni.

Ulipofika wimbo wa mwisho, Nabintu alilianza lile jina chini kama zamani, lakini hakulipandisha. Alilishusha, akalishusha, mpaka likakutana na sauti ya Cirhuza iliyokuwa inamngoja huko chini, zikaenda pamoja. Haikuwa ile sauti iliyonifanya nisahau kupumua. Wenzangu wengine wa vitambaa vya kijani hawakurudi tena baada ya siku ile, wakisema Nabintu amekwisha. Mimi nilisikia kitu ambacho zamani sikukisikia: mwanamke anayemwita mtu na asiyejua kama atajibiwa. Wimbo ukaisha. Hakuna aliyesema bisi. Ukumbi ulikaa kimya muda wa kutosha kusali Salamu Maria moja, kisha watu wakasimama, mama yangu miongoni mwao, wakapiga makofi, na Nabintu akainama, akaondoka jukwaani akicheka.

Mwanangu, umeniuliza mara nyingi kwa nini nakukemea ukiwasema vibaya waimbaji unaowapenda pale wanapochelewa au wanapokosea. Ni kwa sababu hiyo. Penda muziki, sikukatazi. Shangaa, uliza, tafuta kujua, maana udadisi ni zawadi ya Mungu. Lakini ukitaka kujua sauti inatoka wapi, anza kwa kujua mtu mwenyewe analala wapi, anakula nini, anaumwa nini. Apendaye boga hupenda na ua lake, na mzizi pia. Ukiambiwa "mara moja", basi mara moja itoshe. Usimfanye mtu unayempenda kuwa fimbo ya kuwapigia wengine. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usingoje jina lako litajwe na watu. Litaje wewe mwenyewe, kisha uchukue kikapu ukafanye kazi. Majuto bila kikapu ni kelele nyingine tu.

Mimi mpaka leo sijui sauti hutoka wapi. Naendelea kuuliza.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko kinywa, mwanangu. Akupe watu wa kukuambia ukweli bila kukupigia kelele. Na siku utakayoitwa wewe kusimama mbele ya wengine, akupe mmoja wa kukushika mkono pale pumzi itakapokukatika. Uende na amani.