Wifi Milembe na Vikopo vya Mashimba

Wifi yangu Milembe alizaliwa Kiloleli, katika boma la ng'ombe, na alijua kukamua kabla ya kujua kusoma. Alikuja kwetu Bariadi niliporudi kazini, kwenye karakana ya ushonaji, ili amlee mwanangu Mashimba, aliyekuwa na miezi mitano. Ni mtu asiye na haraka. Mashimba alikuwa akisikia tu kandambili zake uani, anacheka. Mimi nilipoingia, alinitazama kama mgeni.

Kila alfajiri nilinawa mikono, nikakamua maziwa yangu katika vikopo vilivyochemshwa, nikabandika kwenye kila kimoja karatasi yenye tarehe na saa, kisha nikavipanga nyuma kabisa ya friji, mbali na mlango. Milembe nilimwelekeza aweke kikopo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, asiyabandike jikoni, na amnyweshe mtoto kwa kikombe. Atakachobakiza kimwagwe. Aliitikia yote.

Jumatano moja nilirudi mapema. Nilimnyooshea Mashimba mikono. Akauficha uso kifuani kwa shangazi yake.

"Ana usingizi huyu," Milembe akasema. "Mwache kidogo, wifi."

Nilikwenda kufungua friji, nipate tu pa kutazama. Kikopo cha kwanza cha siku hiyo kilikuwa bado na maziwa nusu.

"Wifi, haya ni mabaki?"

"Ya asubuhi. Alionja akalala, nikayarudisha humo. Atayamaliza jioni."

"Nilisema yamwagwe. Mate yake yameshaingia. Yanaharibika hata yakiwa kwenye baridi."

"Nilikusikia. Lakini kwetu hata ya ng'ombe hayamwagwi chini. Nitamwagaje ya kwako?"

Nakiri kwamba nilifurahi. Hatimaye nilikuwa nimempata na kosa, na tayari nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mume wangu, Luhende, ili dada yake arudi Kiloleli.

"Kama umenichoka, sema," Milembe akaniambia taratibu. "Usisingizie maziwa."

Niliufunga mlango wa friji.

"Ananigeuzia uso," nikasema.

"Kumbe ni wivu. Anashinda na mimi, sasa ulitaka amchekee nani, cherehani?"

"Ndiyo, ni wivu."

Hakunicheka. Alikichukua kile kikopo, akayamwaga maziwa mwenyewe, polepole, akiwa ametazama pembeni. Tukakubaliana kwamba nitakuwa nikigawa kidogo kidogo katika vikopo vingi, ili asilazimike kumwaga. Nikamwomba na jambo jingine: mlo wa jioni aniachie mimi, nimnyonyeshe mwenyewe.

"Akilia kabla hujafika?"

"Nitakuja mbio."

Kesho yake nilimsikia Mashimba tangu barabarani. Milembe alikuwa amesimama naye mlangoni, hajampa kitu. Nilinawa, nikampokea, naye akanyonya kwa pupa, macho yake kwangu, bila kumtafuta mtu mwingine.

Milembe aliketi kwenye kigoda mbele yetu, mikono mitupu mapajani, akatutazama mpaka mtoto aliposhiba.