Magoti ya Mama wa Kwihara

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, karibu na Kwihara, mama yangu alikuwa hawezi hata kuchuchumaa. Daktari wa Tabora alikuwa amemwambia kwamba gegedu linalokinga mifupa ya magoti limelika, na kilicholika hakirudi. Niliogopa, maana shamba la kijiji lilikuwa mbali na kila mtu alitakiwa kwenda kulima.

Mama alikwenda, akijikongoja na fimbo. Majuma ya kwanza alikuwa akirudi analia. Lakini wakati wa kuvuna karanga nilimkuta amechuchumaa jikoni, anapuliza moto.

“Mama, magoti yamepona?”

“Hayajapona, mwanangu. Nikiinuka yanalia vilevile. Ila maumivu yamepungua, na sijui yamekwenda wapi.”

Nilikwenda kumuuliza daktari. Akasema gegedu halijaota tena, lakini maumivu huweza kupungua miguu ikipata nguvu, na pengine yakarudi. Nikatoka nimechanganyikiwa zaidi. Ugonjwa uko palepale, maumivu yanapungua?

Nilipomweleza mama, aliniuliza:

“Basi watu wakinijulia hali, niseme naumwa au siumwi?”

Alichukua jembe akatangulia shambani.