Yai Kwenye Beseni la Chumvi

Nilipojiandikisha kuogelea kutoka kisiwa kimoja cha Tanga hadi bara, nilikuwa mwalimu huku Nyabusozi, mbali na pwani, na sikuwahi kuigusa bahari. Nilifanya mazoezi kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, asubuhi kabla mifugo haijafika. Mabega yalizoea. Nilichohofia ni chumvi: ikiniingia mdomoni, nifanyeje?

Jumamosi moja nikakoroga chumvi nyingi kwenye beseni, nikatumbukiza uso. Mama mwenye nyumba wangu, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, akasogea.

"Mwalimu, unatafuta nini humo?"

"Najifunza bahari, mama."

Alichovya kidole, akaonja, akatema. Mkononi alikuwa na yai alilotoka kuliokota, na kwa mazoea ya kupima mayai akalitia kwenye beseni. Likaelea.

"Bovu? Limetagwa sasa hivi!"

Akalihamishia kwenye ndoo ya maji ya kisima. Likazama. Akalirudisha, likaelea tena. Tukainama wote wawili, tukilisukuma chini kwa vidole na kulitazama likipanda.

"Kumbe chumvi inabeba," akasema. "Basi wewe utazamaje?"

Siku ya kuogelea kule Tanga, nilipochoka katikati ya maji, nililala chali nione kama chumvi itanibeba. Miguu, ambayo lamboni ilizama daima, ilipanda yenyewe. Nikapumzika, nikaendelea, nikafika nyuma ya wengi.

Nilipompigia simu mama mwenye nyumba jioni, alitaka kujua kama mawimbi hupumzika. Nilirudi ufukweni kuyatazama.