Sauti Niliyoinasa Mahameni

Kosa langu la kwanza lilikuwa betri. Nilinasa sauti kwa betri zilizochoka, nikaisikiliza kwa betri mpya. Ndugu msomaji, usicheke. Kwa kosa dogo hivyo, mtoto wa watu hayuko tena.

Mimi si fundi wa kusomea. Nilijifunza mwenyewe kwa kufungua redio mbovu na kuzifunga mpaka zikaimba. Siridhiki upesi. Waya nikiunga, naufungua niuunge tena. Hata barua hii nimeichana mara nyingi kwa kuogopa kukosea. Mimi huyu!

Kijiji chetu kiko nje ya Sumbawanga, upande wa Mollo. Zamani tulikaa juu zaidi, kila ukoo na mahali pake. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini tukashuka kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari. Kule mahameni zikabaki kuta zisizo na paa, na makaburi. Wazee walinung'unika kwamba tumewaacha watu wetu peke yao.

Nilikuwa nimenunua kinasa sauti cha kaseti, kuukuu, kwa karani mmoja wa Mbeya aliyekuwa anahamishwa. Na nilishasoma mahali kwamba ng'ambo wapo watu wanaonasa sauti za marehemu makaburini. Nikasema, kama wetu wanaongea, mimi nitawanasa safi kuliko hao Wazungu.

Rafiki yangu Kasiano alinicheka dukani mbele ya watu. "Fundi, ukiwapata, waulize kama na wao wamegawiwa viwanja!"

"Waulize na sukari kama ipo," mwingine akadakia. Duka zima likaangua kicheko. Mimi nikacheka nao, lakini iliniuma.

Nilipanda asubuhi moja ya kipupwe, upepo unakata masikio. Betri zilikuwa hoi. Nilikuwa nimezianika juani kama tunavyofanya wote, zikapata nguvu kidogo. Nikaweka maikrofoni katikati ya makaburi, nikajikunyata pembeni mpaka kaseti ilipoisha.

Betri mpya zilipofika duka la ushirika, nikazitia na kusikiliza uani kwetu. Mama yangu alikuwa anapukuchua mahindi na wanawake wenzake. Upepo tu. Upepo. Halafu ikatoka sauti nyembamba ya mtoto, kwa Kifipa: "Mama yangu, baridi."

Jamani! Mikono yote ilisimama.

Kati ya wale wanawake alikuwapo jirani yetu, Mama Anjela. Anjela alikufa kwa surua kabla hatujahama, akazikwa kule juu. Siku hiyo mama huyo alikuwa amembeba mgongoni mdogo wa Anjela, Beatus, aliyekuwa bado ananyonya.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena, mwanangu." Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Ni Anjela," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Pale hapakuwa na mtoto mwingine?"

"Hapakuwa na mtu, mama. Nilikuwa peke yangu."

Habari ikaenea. Kasiano hakucheka tena. Watu wazima walinipa mkono. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama Anjela akaanza kupanda mahameni. Mwanzo alipeleka blanketi, akalitandika juu ya kaburi. Kisha ikawa kila alfajiri anawasha moto pale, Beatus mgongoni, anarudi nguo zimelowa ukungu.

Mimi nilikuwa najiandaa kunasa tena. Betri zilikuwa zimeshachoka, nikajaribu mashine kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kisha nikaazima betri za redio ya Kasiano ili nisikilize vizuri. Akahesabu mtoto!

Nilikaa chini. Betri zikichoka, kaseti inakwenda polepole wakati wa kunasa. Ukiisikiliza kwa betri zenye nguvu, inakimbia, na sauti ya mtu mzima inakuwa nyembamba. Nikakumbuka pale pembeni ya makaburi, meno yakigongana. Nilisema mwenyewe, bila kujua kama nimesema: mama yangu, baridi.

Mzimu ulikuwa mimi.

Haikupita siku nyingi Baba Anjela akaja kwetu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kijana, mke wangu hanisikii mimi, wala hamsikii padre. Wewe atakusikia. Mtoto anakohoa. Mwambie hata neno moja, abaki nyumbani."

Nikamjibu, "Ngoja nihakikishe kwanza, baba. Nisije nikasema jambo nisilo na uhakika nalo."

Uongo! Uhakika nilikuwa nao. Nilichoogopa ni kile kicheko cha dukani.

Nikarudia jaribio. Nikarudia tena. Kila mara alihesabu mtoto yuleyule. Mimi nikiwa katika kuhakikisha, Beatus akashikwa na kichomi. Walimpandisha lori la mahindi kwenda hospitali mjini. Alirudi amefunikwa kanga.

Mama yake alikataa azikwe kwenye makaburi mapya. "Atalala na dada yake," akasema, na hakuna aliyembishia. Tulipanda naye. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba. Sikulia. Nakumbuka mpini wa jembe tu, na udongo ulivyokuwa mkavu.

Msiba ulipokwisha nikaenda kwake. Alikuwa anapepeta ulezi. Nikamweleza yote, betri na sauti yangu. Hakuacha kupepeta.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama."

"Tangu lini?"

Nikaanza kumweleza tena habari za betri.

"Nakuuliza wewe, tangu lini?"

"Kabla hajaugua."

Ungo ukasimama. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Basi usilirudie neno hilo kwangu," akasema. "Beatus nimempeleka kule juu kwa sababu yuko mwenzake anayeongea. Ukisema hakuna anayeongea, nimemwacha mtoto peke yake na upepo."

Akaendelea kupepeta. Nikaondoka.

Sijalirudia kwake. Nyinyi nawaambia kwa sababu siwezi tena kukaa nalo, na majina yote humu nimeyabadili kwa ajili yake. Anapanda bado. Tukikutana njiani namwamkia, ananiitikia, basi. Watu hunisikitikia, wanadhani nimekonda kwa kuandamwa na wafu. Sisikii huzuni, wala hofu. Nakula, nalala, naamka.

Vijana wenzangu mnaochezea mashine hizi, nawasihi! Kabla hujamsikilizisha mtu sauti, fikiri ni nani hapo uani atakayeiamini. Na ukigundua umekosea, usingoje ushahidi wako ukamilike. Nenda na aibu yako hivyohivyo, ukasema, mtoto wa mtu akiwa bado anakohoa.

Kinasa sauti nilikiuza Sumbawanga. Redio bado natengeneza. Nikiharibu ya mtu, namwambia siku hiyohiyo.